Wale akina dada wa AKA pale Howard walianzaje, na ni akina nani wametoka kwao?

MtotoWaChimwaga:
Mbukwenyi wadau, poleni na majukumu. Naomba mwenye uelewa anisaidie maana nimetafuta kwa Kiswahili nimekosa kitu cha maana. Sisi ni mabinti tuliomaliza UDOM, tulikuwa hosteli moja na wengi tumebaki hapahapa Dodoma, kuna wanaojitolea ofisi za serikali kule Mtumba, kuna wanaofundisha shule za binafsi, mmoja ana genge la matunda Sabasaba na anafanya vizuri tu. Tuna grupu letu la WhatsApp ila kusema ukweli limebaki la kadi za michango ya harusi na kupeana pole za misiba. Sasa tunataka kuanzisha umoja wenye mwelekeo, mwenzetu mmoja akasema kabla hatujaanza kuandika katiba tuangalie kwanza ule umoja wa Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, wale wa pinki na kijani wanaoitwa AKA, ulioanzia chuo alichosoma cha Howard. Mi Kamala nilimfuatilia alipokuja Tanzania mwezi wa 3 mwaka 2023 akaonana na Mama Samia pale Ikulu Dar, ila habari za huo umoja wake sikuwa nazijua kabisa.

Naomba kujua ulianzaje, lile tawi la kwanza la chuoni kwao wametoka akina nani wa kueleweka, na kubwa kuliko yote wanafanyaje usife watu wakishamaliza chuo? Maana kwetu ukishavua joho tu kila mtu anashika njia yake.

BabaNkuhungu:
Mwanangu nakupongeza kwa wazo ila ningekushauri msiige vya Wamarekani. Wale wana hela, wana vyuo vya miaka mingi, UDOM yenyewe imeanza 2007 juzi tu. Na hapa kwetu hiyo kazi ya kuwaunganisha wanafunzi inafanywa na vyama vya dini vya wanafunzi kama USCF, TMCS, MSA, CASFETA, watu wanaimba kwaya pamoja wanaswali pamoja na wengine wanaoana humohumo. Hizo sororiti, hivyo vyama vya kidada vya vyuoni, ni mambo ya nguo na picha.

MwalimuWaKongwa:
Mzee wangu BabaNkuhungu shikamoo, naomba nitofautiane na wewe kwa heshima zote, maana hilo la "wana hela" ndio watu wengi wanaanzia hapo na sio kweli kwa hawa. Ngoja niandike kirefu kidogo nafundisha historia na hili jambo nimelisoma sana.

AKA kirefu chake ni Alpha Kappa Alpha. Ilianzishwa tarehe 15 Januari 1908 pale Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Sasa fikiria huo mwaka. Utumwa Marekani ulifutwa rasmi 1865, kwahiyo wengi wa hawa mabinti ni watoto na wajukuu wa watu waliozaliwa watumwa, Howard yenyewe ilianzishwa 1867 ili watu waliotoka utumwani na watoto wao wapate pa kusomea. Mwanamke wa Marekani wa rangi yoyote ile alikuwa hajapata haki ya kupiga kura katika katiba ya nchi, hiyo imekuja 1920, na mweusi wa kule kusini hata baada ya hapo ameendelea kuzuiwa kwa vitimbi vya kila aina mpaka sheria ya 1965. Kwahiyo ukiniambia wale walikuwa na hela na jina nakukatalia.

Aliyekuwa na wazo ni binti anaitwa Ethel Hedgeman, ametokea St. Louis, Missouri. Alikuwa anasoma kwa ufadhili baada ya kufanya vizuri sekondari. Kulikuwa na mwalimu wake pale Howard, Ethel Robinson, ambaye alisoma Chuo Kikuu cha Brown na akamsimulia jinsi wanafunzi wa kike kule walivyokuwa na vyama vyao vya kidada. Ethel akazunguka kuwashawishi wenzake, wakakutana kwenye jengo la Miner wakawa 9 wa kwanza. Mwaka huohuo wakaongezwa wengine 7 wa mwaka wa nyuma yao. Baadae wakatambuliwa na wengine 4 waliosajili chama, ndio maana waanzilishi wanahesabiwa 20 na ndio maana unawaona wanavaa lulu, lulu 20 ni wale waanzilishi 20. Rangi zao pinki ya samaki samoni na kijani ya tufaha, nembo yao jani la mmea unaotambaa ukutani.

Na hapa nisisitize kitu, katika wale 9 kuna mmoja anaitwa Lucy Slowe, huyu mi namuweka juu hata ya Kamala. Ndiye alikuwa rais wao wa kwanza, akashiriki kuandika katiba, na mwaka huohuo 1908 akamaliza Howard akiwa wa kwanza darasani kwake. Akaenda kufundisha Kiingereza Baltimore, akasoma shahada ya pili Columbia. 1917 akashinda ubingwa wa taifa wa tenisi wa chama cha tenisi cha watu weusi, mashindano yakiwa Baltimore, akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kutwaa taji kubwa la mchezo. Michezo ilikuwa inafanyika tofauti, weupe kwao weusi kwao. Alafu 1922 Howard wakamchukua awe mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike, kwa cheo cha "dean" yaani mkuu kabisa wa eneo hilo, wa kwanza mweusi mwanamke kushika nafasi hiyo katika chuo kikuu chochote cha Marekani. Akakaa humo mpaka alipofariki 1937.

Alipigania nini? Mabweni. Alisema wasichana hawawezi kusoma kama wanalala vyumba vya kupanga mitaani bila uangalizi, akahangaika miaka na utawala wa wanaume mpaka mabweni ya wanawake yakafunguliwa pale kampasi 1931. Wewe binti uliyekaa hosteli UDOM kule mlimani na rafiki zako ukawapata humohumo, huyu mama unamwelewa kuliko mimi.

MtotoWaChimwaga:
Mwalimu asante sana aisee, hii ya mabweni imenigusa, sisi mwaka wa kwanza kuna wenzetu walikosa chumba wakawa wanapanga Ng'ong'ona huko, jioni kurudi ilikuwa shida na wawili waliacha chuo kabisa. Sasa mwalimu nimesoma mahali kwamba 1913 walipasuka wakawa vyama viwili, ni kweli? Maana kama hao waliweza kugombana na sisi tutagombana tu.

DadaMaktaba:
Wakati mwalimu anajipanga na hilo la mpasuko mi nijibu lile la akina nani wametoka, maana mtandaoni kuna orodha ndefu sana za "wana AKA maarufu" na zinawachanganya watu, kuna aina 3 za majina humo na ni vizuri kuzitenganisha.

Wa kwanza ni wale waliojiunga wakiwa wanafunzi pale Howard kwenye lile tawi la kwanza lenyewe, linaitwa Alpha. Hao ndio jibu la swali lako. Humo yumo Kamala Harris, aliingia Howard 1982 akasoma siasa na uchumi, akajiunga na tawi 1986 mwaka aliomaliza. Akawa makamu wa rais tarehe 20 Januari 2021, mwanamke wa kwanza kushika kile cheo. Yumo Toni Morrison ambaye jina lake la kuzaliwa ni Chloe Wofford, ametokea Lorain, Ohio, alikuwa Howard kuanzia 1949 mpaka 1953, baadae akarudi kufundisha hapohapo, na 1993 akapata tuzo ya Nobel ya fasihi mwanamke mweusi wa kwanza duniani kuipata. Kuna Phylicia Rashad mwigizaji, yeye alimaliza Howard 1970. Na wale waanzilishi wenyewe.

Kundi la pili ni wana AKA waliojiunga vyuo vingine, mfano Katherine Johnson yule mama wa hesabu wa NASA aliyekokotoa njia za vyombo vya anga, yeye alisoma West Virginia. Ni dada yao ila sio wa tawi la Howard.

Kundi la tatu ni wanachama wa heshima, hawa wameshakuwa watu wakubwa ndio wakakaribishwa, kama Mae Jemison mwanaanga. Hawa ukiwahesabu kama matunda ya tawi unajidanganya, tawi halikuwalea, limewavisha tu. Sisemi ni vibaya, ni heshima nzuri, ila kama unataka kujua umoja umefanya kazi gani usianze na orodha ya majina makubwa. Anza na waliokuwa hawajulikani siku wanajiunga.

Kwenye hao mi wangu ni Norma Boyd. Huyu ni mmoja wa wale 20. Alikuwa mwalimu wa hesabu shule za Washington maisha yake yote, mwalimu wa kawaida kabisa. Ila 1938 akawashawishi wenzake wa AKA waweke ofisi Washington ya kufuatilia Bunge lao, kwamba mswada ukiingia unaohusu kazi, elimu, mishahara au ulinzi wa watu weusi mtu wao yupo pale anausoma, anaonana na wabunge, anaandikia matawi yote nchi nzima nyie wa jimbo fulani mbunge wenu mwambieni hivi. Watu weusi walikuwa hawana kitu kama hicho cha kudumu. Sasa nyie mabinti mnakaa Dodoma, Bunge liko hapo mnalipita na daladala, spika wa kwanza mwanamke Anne Makinda amekaa kwenye kile kiti kuanzia 2010 mpaka 2015, Dkt. Tulia Ackson nae akakikalia kuanzia 2022 mpaka 2025. Mnaweza kuomba kuingia kusikiliza, mnaweza kusoma miswada na kupeleka maoni kamati zikiita wadau. Mimi hiyo ndio ningeichukua kwa Wamarekani na zile pinki ningewaachia.

BabaNkuhungu:
Dada hapo kwenye Norma Boyd umenishika. Sikuwa nalijua hilo. Naomba muendelee nasoma.

NesiMstaafu:
Wanangu naombeni na mimi niingie, nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi vijijini huku Mpwapwa na Chamwino, na kuna jambo la hawa akina dada mwalimu hajalifikia na kwangu ndio lenye uzito kuliko yote, ni ile kazi ya afya waliyofanya Mississippi.

Ilianza hivi. 1934 rais wao alikuwa Ida Jackson, mwalimu kutoka Oakland, California, akawapeleka wenzake kiangazi kwenye wilaya ya Holmes jimbo la Mississippi kuendesha mafunzo ya walimu wa vijijini. Walipofika wakaona tatizo sio ualimu peke yake, watoto wenyewe wana njaa, meno yameoza, hawajachanjwa, unamfundishaje mtoto wa hivyo. Kwahiyo 1935 wakabadilisha wakaja na kikosi cha afya, kiongozi wake Dkt. Dorothy Ferebee, mama aliyesomea udaktari Tufts na alikuwa anafanya kazi Washington. Waliendesha magari yao wenyewe kutoka Washington mpaka Mississippi, wanawake weusi, barabara za kusini miaka ile, hakuna hoteli ya kuwapokea, mkisimama pabaya mnaweza msifike. Na hawalipwi, ni likizo zao za kazi.

Sasa sikilizeni hapa. Walipanga wafungue kliniki sehemu maalum watu waje. Wenye mashamba ya pamba wakakataa kuwaruhusu wafanyakazi wao kutoka, waliogopa hao wanawake wamekuja kuwachochea. Basi wale akina mama wakasema kama wao hawaji sisi tutaenda, wakapakia dawa kwenye magari wakawa wanahama shamba hadi shamba, wanachanja ndui, wanachanja dondakoo, wanaangalia meno, wanafundisha kina mama chakula cha mtoto. Sisi huku tunaita huduma ya mkoba, nimebeba lile boksi la baridi la chanjo mimi mwenyewe nikijua ukichelewa jua la Dodoma linakuharibia kila kitu, ndio maana nikisoma habari zao huwa najiona niko nao. Waliwafikia maelfu ya watu. Wakarudi kila kiangazi mpaka vita vya pili vilipofanya petroli na matairi kuwa ya mgao, wakashindwa kuendelea baada ya 1941.

Dkt. Ferebee baadae akawa rais wa AKA yote, na 1949 akamrithi Mary McLeod Bethune kuongoza baraza la taifa la wanawake weusi.

Binti yangu uliyeuliza, unaona mtu haulizwi ulivaa nini kwenye mahafali. Chagueni kijiji kimoja. Kimoja tu, msitapanye. Hapo Chamwino, Bahi, Chemba huko, mnaenda na nesi na mwalimu, mnarudi palepale kila mwaka mpaka watoto wanawajua majina.

MwalimuWaKongwa:
Mama shikamoo, asante sana, hiyo ya kubadilisha mpango baada ya wenye mashamba kukataa nilikuwa siijui kwa undani.

Nirudi kwenye mpasuko. Ndio walipasuka, na sio kwa ugomvi wa vyeo. 1912 waliokuwa ndani ya tawi pale chuoni, kizazi cha pili sasa, waliona chama kimekuwa cha mikutano ya ndani na tafrija za kisomi, wao wakataka kitoke nje kiingie kwenye mambo ya siasa na jamii. Wakataka wabadilishe jina, rangi, alama, kila kitu. Kiongozi wao Myra Davis ndiye alikuwa rais wa AKA pale chuoni mwaka huo, kwahiyo hoja ilitoka juu kabisa. Aliyepinga ni Nellie Quander aliyekuwa amemaliza 1912, yeye akasema hapana hiki kitu kina wenyewe wengi waliotangulia, hamuwezi kukibadilisha nyie mlioko sasa peke yenu.

Wale wanaotaka mabadiliko wakaondoka, mabinti 22, wakaanzisha Delta Sigma Theta tarehe 13 Januari 1913. Na unajua kitu cha kwanza walichofanya hadharani? Tarehe 3 Machi 1913 wakaingia barabarani Washington kwenye maandamano makubwa ya wanawake kudai kura, wakati baadhi ya waandaaji walitaka wanawake weusi wakae nyuma kabisa ya msafara. Wana miezi miwili tangu wazaliwe.

Upande wa pili Nellie Quander hakukaa kulalamika. Tarehe 29 Januari 1913, wiki mbili na siku kidogo baada ya wenzao kuondoka, akaisajili AKA kisheria kama chombo kinachojitegemea chenye uwezo wa kufungua matawi popote. Kabla ya hapo ilikuwa klabu tu ya chuo kimoja, chuo kikisema basi ni basi. Mwaka huohuo wa 1913 tawi la pili likafunguliwa Chicago. Kwahiyo ule mpasuko umezaa vyama viwili vyenye nguvu badala ya kuua kimoja, kwa maoni yangu wote walikuwa sahihi, Myra Davis kwa kutaka kazi ya nje na Nellie Quander kwa kutaka chombo kisitegemee kizazi kilichopo madarakani. Na angalia, hiyo kazi ya nje waliyoidai akina Myra ndiyo AKA nao walikuja kuifanya Mississippi na pale Bungeni.

Delta nao wametoa watu. Patricia Roberts Harris alimaliza Howard 1945, akafanya kazi makao makuu ya Delta kama mtendaji mkuu wao wa kwanza, 1965 akateuliwa balozi Luxembourg mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuwa balozi, na 1977 akawa waziri. Shirley Chisholm mbunge wa kwanza mwanamke mweusi kule, alichaguliwa 1968, nae ni Delta ila wa chuo cha Brooklyn. Na pale pale Howard 1920 ikazaliwa ya tatu, Zeta Phi Beta. Chuo kimoja sororiti 3.

MtotoWaChimwaga:
Daah. Sasa mwalimu lile swali langu la mwisho, wanafanyaje isife wakishamaliza? Maana wote mliowataja kazi zao kubwa wamezifanya wakiwa wameshamaliza chuo.

MwalimuWaKongwa:
Umejijibu mwenyewe hapo. Wana matawi ya aina mbili, ya wanafunzi na ya wahitimu. Tawi la kwanza la wahitimu lilifunguliwa Cleveland, Ohio 1918. Ukimaliza chuo ukahamia mji wowote unatafuta tawi la wahitimu la pale unaendelea kulipa ada yako na kupangiwa kazi, uanachama ni wa maisha. Matawi saivi ni zaidi ya 1,000 na mengine yako nje ya Marekani. Mkutano mkuu kila baada ya miaka miwili. Kwetu tunafanya kinyume, nguvu zote zinaisha mwaka wa tatu kwenye sherehe ya kuagana.

Kwahiyo hamjachelewa kabisa. Nyie ni tawi la wahitimu ambalo halijaandikishwa.

AliyekaaMaryland:
Niongeze nililoliona kwa macho, niliishi Maryland nikisoma na nilikuwa na marafiki wa AKA na Delta. Mazuri yote yaliyosemwa ni kweli, nimewaona wakina mama wa miaka 70 wanaamka Jumamosi kwenda kuandikisha watu kupiga kura na wakati Kamala alipoteuliwa 2020 walikuwa wanamchangia dola 19 na senti 8, yaani 1908, kila mtu kiasi hichohicho ili yeye ajue zimetoka kwa nani. Hiyo nguvu niliiona.

Ila muwe makini na mambo mawili. La kwanza mateso ya wanachama wapya. Hivi vyama vya weusi, vya kike na vya kiume, kwa miaka mingi mgeni alikuwa anapitishwa kwenye kipindi cha kufanyishwa kazi, kunyimwa usingizi, kutukanwa, na sehemu nyingine kupigwa. Watu wameumia na wengine wamekufa. 1990 viongozi wa vyama vyote wakakubaliana kukifuta kile kipindi na kuweka utaratibu mwingine wa kupokea wanachama, ila kwa kificho bado kuna wanaofanya. Nyie katika katiba yenu andikeni kabisa kwamba mgeni hadhalilishwi kwa namna yoyote. Nasema hivi kwasababu nilisoma sekondari ya bweni hapa Tanzania na fomu wani wangu sitaki kuukumbuka.

La pili ni gharama. Ada za kule sio ndogo, ya kuingia na ya kila mwaka, na kuna mabinti wazuri niliowajua walishindwa kwa sababu hiyo tu. Mkiweka kiingilio kikubwa yule mwenzenu wa genge Sabasaba mwezi wa biashara mbaya ataanza kuona aibu kuja na taratibu mtabaki wa ofisini tu.

MtotoWaChimwaga:
Huyo wa Sabasaba ndio mhazini wetu mtarajiwa, hapotei mtu hapo. Asante kwa hilo la udhalilishaji tutaliandika.

AfisaJamii:
Habari za humu. Kwa upande wa usajili maana naona mmefika hapo. Mna njia tatu kutegemea mnataka kufanya nini. Kama ni umoja wa kawaida wa wanachama kusaidiana na kukutana, unasajiliwa kwa Msajili wa Vyama Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Vyama. Kama mnataka kufanya kazi za jamii kama hiyo ya kijiji aliyosema mama nesi na kuomba fedha kwa wafadhili, hiyo ni shirika lisilo la kiserikali, Msajili wake yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na ofisi zote hizi ziko hapahapa Dodoma mnaenda kwa miguu yenu. Kama ni kuweka na kukopeshana basi kikundi kinasajiliwa halmashauri kwenye mfumo wa huduma ndogo za fedha wa sheria ya 2018, na humo ndio mnaweza kuomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Ushauri wangu msianze na zote tatu. Na hao AKA wenyewe ndio juzijuzi tu wameanzisha chama chao cha kuweka na kukopa, baada ya miaka zaidi ya 110. Wengi hapa wanaanza na kukopeshana, mmoja anachelewesha rejesho, umoja mzima unavunjika kwa laki 3.

NesiMstaafu:
Hapo afisa umesema kweli tupu, nimeona kikoba kimevunja undugu wa watu waliozaliwa tumbo moja.

BintiWaIpagala:
Samahanini nachomekea, mi niko mwaka wa pili na naomba vyuo vya nje kwa ajili ya shahada ya pili. Mtanzania akifika kule anaweza kujiunga au ni ya Wamarekani tu?

AliyekaaMaryland:
Mdogo wangu unaweza, hawaangalii uraia, na ingawa vimeanzishwa na wanawake weusi hata wa asili nyingine wamo. Shahada ya pili utaingilia matawi ya wahitimu mara nyingi, sio yale ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanaangalia matokeo yako ya darasani na kazi za kujitolea ulizofanya, kwahiyo anza sasa hivi huku huku. Ila chagua vizuri mapema, ukishaingia AKA huwezi tena kuwa Delta wala Zeta, ni moja tu maisha yako yote.

MtotoWaChimwaga:
Nimewasomea wenzangu uzi wote huu kwenye grupu kwa sauti, wengine walikuwa kazini wakasikiliza jioni. Tumekubaliana tusajili kwa Mambo ya Ndani kwanza, kiingilio kiwe kidogo na anayeshindwa mwezi huo asiulizwe, na kijiji tutakachokwenda tunabishania kati ya Bahi na Chamwino. Mama nesi naomba ruhusa nikutumie ujumbe pembeni, tunahitaji mtu wa kutuambia tukifika kijijini tunaanzia ofisi ya nani.

NesiMstaafu:
Karibu binti yangu. Mnaanzia kwa mtendaji wa kijiji alafu mganga mfawidhi wa zahanati, msimruke huyo wa zahanati hata siku moja. Na nendeni baada ya mavuno, wakati wa kilimo hamtamkuta mama hata mmoja nyumbani.